Kabwe na Makosa ya Fikra ya Kufufua Miji ya Machimbo

Mgodi ukifungwa, husemwa kuwa mji umekufa. Mara huzuka watu wa mipango, na watu wa mabenki, na mara nyingi hata viongozi wa siasa, wote wakiuliza swali moja: tulete nini badala ya mgodi? Mmoja atasema kiwanda, mwingine atasema chuo, wa tatu atasema apatikane mwekezaji mpya na mambo yote yatakaa sawa. Mabishano juu ya jibu huwa makali, lakini swali lenyewe halibishaniwi. Katika makala hii tunataka kulihakiki swali hilo. Kwa maoni yetu limewekwa miguu juu kichwa chini, na mwanamapinduzi anayelikubali jinsi lilivyo huwa amekwisha kuzikubali hesabu za mwenye mgodi kabla hata hajalifungua daftari lake.

Hatupendi kuzungumza hewani, kwa hiyo tutauchukua mji mmoja tu na kuuchunguza. Wasomaji waliopata kusafiri kwa reli ya TAZARA wanakijua kituo chake cha mwisho, Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Ukishuka hapo na kuendelea na safari ya kwenda Lusaka, haitachukua muda mrefu kabla hujaingia Kabwe, makao makuu ya Mkoa wa Kati wa Zambia. Wasafiri wengi hupita tu. Wakati wa ukoloni mji huo uliitwa Broken Hill, jina lililoazimwa kutoka mji wa machimbo wa Australia, kwa kuwa mawe yaliyoonekana hapo mwaka 1902 yalifanana na mawe ya huko. Mwaka 1906 reli kutoka kusini ilifika mgodini. Tangu wakati huo mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1994, zilitolewa humo tani zaidi ya milioni 1.8 za zinki na tani zipatazo 800,000 za risasi. Risasi tunayosema hapa ni ile metali laini na nzito inayotiwa katika betri za magari, na ambayo zamani ilitiwa pia katika rangi za nyumba na katika petroli.

Yafaa kwanza tuielewe tabia ya madini hayo, maana asiyeielewa hawezi kuuelewa uchumi wa mji huu. Risasi haiozi. Moshi wa tanuri uliotua juu ya ardhi mwaka 1930 ulitua na risasi, na kama hakuna aliyeuondoa udongo ule au kuufunika, risasi ile ingali pale. Mtoto wa miaka miwili anayetambaa na kutia vidole mdomoni anaimeza. Mwilini inakwenda kukaa katika mifupa, na inaweza kukaa humo kwa miongo mingi. Mwanamke aliyekulia penye vumbi hilo akishika mimba, sehemu ya risasi hutoka katika mifupa yake, hurudi katika damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo kusema kwamba mtoto aliyezaliwa Kabwe mwaka 2015, miaka 21 baada ya tanuri kuzimwa, anaweza kuwa ameanza kupokea moshi wa tanuri lile kabla hajazaliwa. Ubongo wake ndio unaodhurika zaidi: anachelewa kusema, anashindwa kushika masomo, na kiwango kikizidi sana anapata degedege na hata kufa.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na limependekeza kwamba mtoto akifikia mikrogramu 45 kwa desilita moja ya damu apewe dawa ya kuiondoa. Upimaji uliofanywa Kabwe na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya watoto wa vitongoji vinavyouzunguka mgodi walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi, na karibu nusu yao walihitaji matibabu ya haraka. Watu zaidi ya 76,000 wamehesabiwa kuwa wanaishi katika vitongoji hivyo, yaani Kasanda, Makululu, Chowa na vinginevyo. Upepo mwingi wa Kabwe huvuma kutoka mashariki. Kasanda na Makululu ziko magharibi ya mgodi.

Je, katika hali hii, tuna haki ya kusema kuwa mgodi umefungwa? Kilichofungwa ni daftari la mauzo. Kazi ya mgodi juu ya miili ya watu inaendelea usiku na mchana, bila mshahara na bila likizo.

Mji uliojengwa na hesabu ya gharama

Ubepari haukujenga mji Kabwe. Ulijenga mgodi, kisha ukaweka watu karibu nao kwa kiasi ambacho hesabu iliruhusu. Jambo hili liliandikwa na mtu ambaye hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo. Godfrey Wilson, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya jamii, alikwisha kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika Tanganyika kabla hajawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone mwaka 1938. Alikwenda Broken Hill akachunguza mishahara, chakula, nguo na ndoa za wafanyakazi Waafrika. Mwaka 1940 kampuni ya mgodi ilimzuia kuendelea na utafiti wake katika makazi ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata aliacha kazi. Insha yake ilitoka katika sehemu mbili, mwaka 1941 na 1942.

Wilson alionyesha kuwa mshahara wa mchimbaji haukutosha kumlisha yeye pamoja na mke na watoto mjini, na kwa sababu hiyo vijiji vilivyoachwa bila wanaume ndivyo vilivyobeba mzigo wa kuwalea watoto, kuwatunza wagonjwa na kuwapokea wazee. Kwa maneno yetu wenyewe: kijiji kilimlipa mwenye mgodi ruzuku. Kampuni ya Broken Hill ilikwenda mbele kidogo. Iliwapa baadhi ya wafanyakazi wake wa muda mrefu viwanja vya ekari 5 nje ya mji, wakalime na kukaa na familia zao. Wako waliousifu mpango huo kuwa ni huruma. Sisi tunaona kuwa jembe la mke liliingizwa katika hesabu za kampuni pasipo kuandikwa katika orodha ya mishahara.

Wilson ana upungufu wake, nasi hatuwezi kuuficha. Aliona njaa, aliona uchache wa nguo, aliona ndoa zinavyoyumba, lakini vumbi halimo katika uchambuzi wake. Aliipima gharama inayosukumwa kutoka mgodini kwenda kijijini; hakuipima ile inayosukumwa kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Pengine tusimlaumu mno. Hata wanajamaa wa nusu karne baadaye, waliokuwa na vitabu vingi zaidi ya alivyokuwa navyo yeye, hawakuipima.

Kuna kisa kingine cha mji huo ambacho hutajwa mara nyingi zaidi kuliko watu wake walio hai. Mwaka 1921, katika kilima kile cha mgodi, wachimbaji walilikuta fuvu la binadamu wa kale, ambalo wanasayansi wanalikadiria kuwa na umri wa miaka kama 300,000. Fuvu hilo lilipelekwa London mwaka huo huo, nalo likawekwa katika jumba la makumbusho. Zambia imelidai kwa miaka mingi. Kila lililokuwa na thamani katika kilima kile lilipata gari la kulisafirisha: zinki, risasi, mpaka kichwa cha babu. Kisichokuwa na bei kiliachwa. Hayo ndiyo mabaki ya mgodi, zaidi ya tani milioni 6, yaliyorundikwa penye upepo na mvua.

Tujikosoe

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukawashutumu mabeberu na kufunga makala. Lakini uhakiki usiowagusa wa upande wetu ni mahubiri tu, na Kabwe inatuhusu sisi tuliosimama upande wa kutaifisha njia kuu za uchumi.

Karibu na Kabwe liko eneo la Mulungushi, ambako chama cha UNIP kilifanya mikutano yake mikubwa. Hapo ndipo mwezi Aprili 1968 Rais Kaunda alipotangaza kwamba dola itachukua asilimia 51 ya makampuni makubwa kadhaa. Mwaka 1969 aliitangazia migodi jambo kama hilo, na mwanzoni mwa mwaka 1970 dola ikawa na sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 1974 mikataba iliyowapa wageni uendeshaji ilikuwa imevunjwa. Kuanzia hapo mgodi wa Kabwe uliendeshwa na mashirika ya umma, na tangu mwaka 1982 na shirika la ZCCM, mpaka ulipofungwa. Miaka 20, basi. Huko huko Mulungushi kilikuwapo Chuo cha Uraia cha Rais, ambako viongozi na watumishi walikwenda kujifunza falsafa ya Utu ya nchi hiyo, kama wengi wetu tulivyokwenda Kivukoni.

Na yafaa lisemwe wazi kwamba elimu juu ya sumu haikukosekana. Miaka ya mwanzo ya 1970 madaktari wa mgodi walipima damu ya watoto wa vitongoji na kukuta risasi nyingi mno. Hapo watoto wa wafanyakazi, katika mgodi uliokwisha kutangazwa kuwa mali ya wafanyakazi, walikuwa wakilishwa sumu na tanuri lao wenyewe, na daktari alijua.

Kosa lilikuwa wapi? Watetezi wa ubepari wanasema kosa lilikuwa kutaifisha. Hoja hiyo haina uzito, maana tanuri lile lilirithiwa likiwa limekwisha kutoa moshi kwa zaidi ya nusu karne chini ya wenye hisa. Lakini jibu la baadhi ya wenzetu, kwamba dola haikuwa na fedha kwa sababu bei za madini zilianguka duniani katikati ya miaka ya 1970, ni kweli nusu tu. Bei zilianguka, ndiyo. Hata hivyo mpango wa uzalishaji uliendelea kupimwa kwa kitu kile kile ulichopimwa nacho zamani: tani. Hati ya kumiliki ilibadilika, kipimo hakikubadilika. Meneja wa umma aliyefikisha lengo la tani alipongezwa, na hakuna popote katika taarifa yake palipokuwa na safu ya damu ya watoto. Kumiliki njia za uzalishaji ni kitu kimoja. Kuutawala uzalishaji wenyewe, pamoja na moshi wake, maji yake machafu na udongo wake, ni kitu kingine. Tulifundishana jambo la kwanza kwa bidii sana. La pili tuliliachia idara ya ufundi.

Hatusemi haya kwa furaha. Tunayasema kwa sababu mpaka leo wako makada wanaodhani kwamba serikali ikishika hisa za kutosha katika mgodi basi suala la tabaka limekwisha hapo.

Maisha baada ya mwaka 1994

Mgodi ulifungwa katika kipindi ambacho Zambia ilikuwa ikitekeleza masharti ya marekebisho ya uchumi. Miaka michache baadaye ZCCM yenyewe ilikatwa vipande na kuuzwa, na nyumba za kampuni za migodi katika nchi hiyo ziliuzwa kwa wapangaji wake. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi aliona amepata angalau kitu kimoja, paa lake mwenyewe. Lakini kwa aliye katika kitongoji kilicho chini ya upepo wa mgodi, nyumba huja na uwanja wake. Wenye mgodi walishindwa kuuondoa udongo ule, na dola ilishindwa pia. Sasa ukawa mali halali ya mstaafu.

Hapa tusimame kidogo penye jambo ambalo waandishi wa ripoti hulipita haraka. Katika sehemu kubwa ya Afrika, mwanamke mwenye nyumba safi ni yule anayefagia uwanja kila asubuhi mpaka ardhi inang'aa. Majani karibu na nyumba ni uvivu, na huficha nyoka. Mahali penye risasi adabu hiyo hugeuka kuwa hatari, maana ufagio huinua kile kilichotulia. Katika mradi wa kwanza wa kusafisha, wenyeji waliambiwa wapande majani na kuyamwagilia ili yaushike udongo. Ushauri huo kisayansi ni sahihi. Lakini kumwagilia majani mwezi Septemba, wakati wa kiangazi, mahali ambapo maji ya bomba ni ya mgao na ya kulipia, ni kumtaka mwanamke maskini abadilishe desturi ya mama yake na atoe fedha zake vilevile. Mwenye mgodi hakutakiwa kubadili desturi yoyote.

Na watu wanapaswa kula. Kwa hiyo wako walioingia katika vifusi vya mgodi wakaokota na kuponda mawe ili wauze, kama wachimbaji wadogo wa Geita wanavyofanya na vifusi wanavyoviita magwangala. Kuna wanaowashutumu watu hawa kuwa wanajitia sumu wenyewe kwa kukosa elimu. Tungependa kuwauliza wenye shutuma hiyo: wao waliposhikwa na njaa walikwenda kusoma kitabu gani?

Majibu matatu ya ufufuaji

Sasa turudi kwa wale waliouliza, tulete nini badala ya mgodi? Kabwe imeyapata majibu karibu yote, na kila moja lina la kutufundisha.

Jibu la kiwanda lilikuja hata kabla mgodi haujafungwa. Kiwanda cha nguo cha Mulungushi kilijengwa hapo Kabwe kwa msaada wa China, kikaanza kazi miaka ya 1980. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaokijua kiwanda cha Urafiki cha mwaka 1968 wanaweza kukifikiria ndugu yake. Kilisokota pamba, kilitoa ajira. Kilifungwa mwaka 1996, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata kwa ubia na kampuni ya China, kikafungwa tena mwaka 2007. Soko lililofunguliwa ghafla kwa nguo za nje na mitumba lilikibana kama lilivyovibana viwanda vyetu. Tunakitetea kiwanda hicho; lilikuwa jambo jema. Lakini hata kingestawi mpaka leo, mfumaji wake angeondoka zamu ya jioni akarudi Kasanda, na mtoto wake angecheza kwenye udongo ule ule.

Reli ina historia inayofanana. Makao makuu ya Shirika la Reli la Zambia yako Kabwe, na kwa muda mrefu karakana na ofisi zake zilikuwa nguzo ya pili ya mji. Mwaka 2003 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa mkataba mrefu, na mwaka 2012 serikali ilivunja mkataba huo na kuirudisha. Hatuna haja ya kukaa hapo. Wanaoijua historia ya kukodisha reli Tanzania wanaweza kumaliza sentensi wenyewe.

Jibu la tatu ndilo linaloshika kasi, nalo linataka uangalifu zaidi kwa sababu linavaa nguo ya usafi. Linasema hivi: mabaki ya mgodi yana zinki na risasi ambazo mitambo ya zamani haikuweza kuzitoa; basi waje wenye mitambo mipya, wayachakate, wapate faida, na wakati huo huo wauondoe uchafu. Mji utasafishwa bure. Kinadharia hatulikatai moja kwa moja. Kifusi kilichochakatwa vizuri, kikamwagiwa maji wakati wa kazi, na masalio yake yakafukiwa mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, kinaweza kuwa na madhara madogo kuliko kifusi kilichoachwa. Lakini faida huchukua iliyo nono na kuacha iliyo konda. Kilichokuwa kimegandamana kwa miaka 50 huchimbuliwa, husagwa, hupakiwa katika malori, na kinachobaki kinakuwa chepesi zaidi kwa upepo kukichukua. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilieleza jinsi makampuni yenye leseni yalivyokuwa yakichimba na kuhamisha mabaki hayo na kuyamwaga karibu na makazi ya watu. Basi usafi wa bure umegeuka kuwa uchimbaji wa pili. Mgodi uliosemekana umekufa unafufuliwa kwa kuila maiti yake.

Nani alipe?

Tumefika penye kiini. Kama swali la kwanza si "tulete nini", basi ni lipi? Ni hili: mgodi umeacha deni kiasi gani, na nani alilipe?

Mpaka sasa limelipwa kwa mikopo. Benki ya Dunia iligharamia mradi wa mazingira wa maeneo ya machimbo kuanzia mwaka 2003 hadi 2011, na mwezi Desemba 2016 iliidhinisha mwingine wa dola milioni 65.6 kwa ajili ya Kabwe na miji ya Ukanda wa Shaba. Katika mradi wa kwanza baadhi ya nyua zilifunikwa kwa udongo safi, na mfereji wa maji machafu ya mgodi ulizibuliwa. Wako watoto waliopata nafuu, wala hatudharau. Lakini kilima chenyewe cha mabaki kilibaki pale pale, na vumbi likarudi juu ya udongo safi. Tena mkopo, hata uwe wa masharti nafuu namna gani, unalipwa na mkulima wa mahindi wa Zambia, ambaye hakupata gawio hata la senti moja kutoka mgodini.

Mwezi Oktoba 2020 wenyeji walijaribu njia nyingine. Kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa, kwa niaba ya watoto na wanawake wanaokadiriwa kufika 140,000, ikidaiwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa na sehemu kubwa katika kuuongoza mgodi tangu mwaka 1925 hadi 1974. Kampuni inakana, inasema haikuumiliki wala kuuendesha, na kwamba dola ya Zambia iliuendesha kwa miaka 20 baada ya hapo. Desemba 2023 mahakama ilikataa kuidhinisha kesi ya pamoja, na mwaka 2024 walalamikaji waliruhusiwa kukata rufaa.

Sisi si mawakili, na haitupasi kuamua ni nani kisheria anadaiwa. Tunachohakiki ni fikra moja iliyomo katika hukumu hiyo ya mwaka 2023, kwa sababu ni fikra ya tabaka zima. Ilisemwa kwamba ungekuwa mfano wa hatari kuiwajibisha kampuni nusu karne baada ya shughuli zake kukoma, kwa ajili ya vizazi ambavyo havikuwa vimezaliwa, na kuipima kwa ujuzi na viwango ambavyo havikujulikana wakati ule.

Tuanze na ujuzi. Mwaka 1921, mwaka ule ule fuvu lilipotolewa Broken Hill, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya rangi nyeupe ya risasi, nao ulikataza wanawake wote, na vijana wa chini ya miaka 18, wasiajiriwe katika kazi za upakaji rangi za viwandani zenye kutumia risasi hiyo. Nchini Uingereza kwenyewe wanawake walikwisha kuzuiwa kufanya kazi za hatari zaidi katika viwanda vya risasi nyeupe tangu mwaka 1898. Kwa hiyo ilijulikana Geneva na ilijulikana London kwamba risasi huwadhuru wanawake na vijana. Kisichokuwapo ni ulazima wa kuutumia ujuzi huo kwa mwanamke wa Broken Hill.

Kuhusu vizazi visivyozaliwa, hapo ndipo tofauti ya mitazamo inapokuwa kubwa. Hisa hurithiwa. Faida ya mwaka 1950 iliwekezwa, ikazaa nyingine, na wajukuu wa wenye hisa wanaila leo bila mahakama yoyote kuwauliza kama walikuwa wamezaliwa. Ikiwa mtaji una kumbukumbu ya miaka 70, kwa nini deni liwe na usahaulifu? Na hoja ya kampuni kwamba dola nayo ilichafua haiwezi kutupiliwa mbali, kwani tumekwisha kuikiri hapa juu. Lakini wadaiwa wakiwa wawili, deni haliwi sifuri.

Kwa hiyo kazi inayotakiwa Kabwe ina mpangilio wake, nao ni kinyume cha ule unaopendwa na watu wa mipango. Kwanza kifusi, maana bila kukizuia kila udongo safi unaoletwa ni wa kutupa. Leseni za kukichakata zisitolewe mpaka aliyeomba aonyeshe mahali pa kufukia masalio, na fedha za kufukia ziwe zimewekwa akiba kabla ya lori la kwanza kutoka. Wakati huo huo damu ya watoto ipimwe, wote, si ya mfano wa mia mbili kwa ajili ya ripoti, na dawa iwepo zahanati siku majibu yanapotoka; kumpima mtoto na kumrudisha penye vumbi mikono mitupu ni kumtumia tu kama tarakimu. Nyua, shule na viwanja vya mpira vifuate. Kiwanda cha nguo na reli tutavipigania kwa nguvu zetu zote, kwa sababu bila kazi watu watarudi kwenye kifusi hata kikizungushiwa ukuta.

Wafanyakazi na akina mama wa vitongoji vile wawe na sauti katika kamati itakayoshika fedha hizo, wakiwa na madaraka ya kukataa hesabu wasizozielewa. Tunajua litajibiwa kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Idara ya ufundi ilikwisha kupewa miaka 20. Na katika taarifa ya kila robo mwaka ya mji, kabla ya ukurasa wa ajira mpya na wawekezaji, iwepo safu ile iliyokosekana katika taarifa za meneja wa tani: idadi ya watoto waliopimwa Kasanda, Makululu na Chowa, na kiasi gani cha risasi kilichokutwa katika damu yao.